Kulisikiliza Jicho

"Mwenye macho haambiwi tazama," walinena wahenga, nasi tangu darasa la kwanza tumekuwa tukiimeza methali hii bila kuitafuna. Lakini hebu fikiria, msomaji mpenzi, mambo yanavyokuwa pale ambapo jicho lenyewe ndilo linalohitaji kutazamwa, na mlango wake umefungwa! Daktari wa macho ana tochi yake, ana lenzi zake, ana darubini yake ya mezani ambayo mgonjwa huegemeza kidevu. Vifaa hivyo vyote hutegemea mwanga. Mwanga nao haupiti penye ukuta. Mboni ikishakuwa nyeupe kama tui la nazi, au ndani ya jicho kukiwa kumejaa damu, daktari hubaki nje kama mgeni aliyebisha hodi asijibiwe. Hapo ndipo anapoacha kutazama na kuanza kusikiliza.

Nilipowaambia wenzangu bwenini kwamba mwaka huu nitaandika kuhusu ultrasaundi ya macho, walicheka mpaka kiranja akaja kuuliza kuna nini. Kwao, na kwa watu wengi tu, ultrasaundi ni mashine ya akina mama waja wazito, basi. Mmoja akaniuliza eti mtoto wa jicho naye hupigwa picha ili ijulikane kama ni wa kike au wa kiume. Nilicheka pia, kwa kuwa swali lilikuwa tamu. Hata hivyo, ukweli ni kwamba jicho ni miongoni mwa viungo vya mwanzo kabisa kuchunguzwa kwa njia hii. Mwaka wa 1956 madaktari wawili wa Marekani, Mundt na Hughes, walichapisha maelezo ya jinsi walivyotumia mwangwi kuchunguza jicho lenye uvimbe. Mwaka uliofuata Arvo Oksala wa Finland akaanza kuchapisha yake. Mnamo 1958 Baum na Greenwood, wote wa Marekani, wakatoa picha kamili za jicho, na ni mwaka huohuo ambapo Ian Donald wa Glasgow alichapisha makala yake mashuhuri kuhusu uvimbe wa tumbo na mimba. Kwa hivyo jicho na mimba ni rika moja. Tofauti ni kwamba mimba ilipata sifa, jicho likasahauliwa.

Sasa tuingie katika kisa chenyewe. Sikio la binadamu husikia sauti zenye mitikisiko kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde moja. Sauti iliyozidi hapo ipo, ila haituhusu. Inawahusu popo na pomboo. Katika miaka ya 1790 padri mmoja wa Italia aliyependa sayansi, Lazzaro Spallanzani, aliona kwamba popo aliyepofushwa aliruka gizani bila kugonga chochote, lakini popo aliyezibwa masikio alijigonga ovyo. Watu wengi hawakumsadiki. Ilibidi kungoja mpaka 1938, Donald Griffin na George Pierce wa Chuo Kikuu cha Harvard walipotumia mtambo uliozinasa sauti hizo za popo ambazo sisi hatuzisikii. Kumbe popo hupiga kelele kisha akasikiliza mwangwi wake, na kwa mwangwi huo hujua ukuta uko wapi na nondo yuko wapi.

Mashine ya hospitalini ni popo wa kutengenezwa. Ndani ya kile kidude cha kushikwa mkononi, ambacho wenyewe hukiita probu, mna kifuwele kidogo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie (huyu wa pili ndiye aliyekuja kumwoa Marie Curie tunayemsoma katika kemia), waligundua mwaka wa 1880 kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake: ukizipa umeme, hutikisika. Basi mashine hukipa kifuwele umeme, nacho hutikisika na kutoa sauti; kisha hunyamaza na kungoja. Mwangwi ukirudi hukitikisa tena, umeme ukatokea, na mashine ikaandika: kitu kiko umbali huu, na kimerudisha sauti kwa nguvu hii. Kifuwele kimoja ni mdomo na sikio kwa wakati mmoja.

Wale wanaopenda hesabu, chukueni kalamu. Sauti katika hewa husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ndani ya jicho, ambamo mna majimaji, huenda kasi zaidi, wastani wa mita 1,550 kwa sekunde. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka konea, kile kioo cha mbele, hadi retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Sauti lazima iende na irudi, hivyo ni milimita 48. Ukigawa, utapata sehemu 31 hivi za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja. Kabla hujamaliza kupepesa, mwangwi wa retina umekwisha kwenda na kurudi maelfu ya mara.

Kwa nini basi mashine ya jicho isiwe ileile ya wajawazito? Jibu liko katika urefu wa wimbi. Probu ya tumbo hutikisika kama mara milioni 3.5 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa karibu nusu milimita. Retina ina unene wa kama robo milimita tu. Kutafuta kitu chembamba hivyo kwa wimbi pana namna hiyo ni sawa na kushona kifungo kwa kamba ya katani. Probu ya jicho hutikisika kama mara milioni 10, na wimbi lake ni milimita 0.15 hivi. Mbona wasizidishe tu? Wamezidisha. Kuna mashine za mitikisiko milioni 50, ambazo Pavlin na Foster wa Toronto walizileta katika uchunguzi wa macho karibu na mwaka 1990. Hizo huonyesha sehemu ya mbele ya jicho kwa unaga wa ajabu, lakini sauti kali hivyo huchoka upesi. Haiendi zaidi ya milimita tano hivi. Ukitaka kuona vidogo huoni mbali, ukitaka kuona mbali huoni vidogo. Mwalimu wetu wa fizikia husema maumbile hayatoi kitu cha bure.

Kupigwa picha yenyewe hakuna maumivu. Mgonjwa hulala chali au hukaa, hufumba jicho, na kope hupakwa jeli baridi. Jeli hiyo si urembo. Hewa ni adui mkubwa wa sauti hii. Pakiwa na nafasi ya hewa hata nyembamba kama karatasi kati ya probu na ngozi, karibu sauti yote hurudi ilikotoka. Zamani, katika majaribio ya Baum na Greenwood, jicho lilizamishwa katika maji. Ilipofika 1972, Nathaniel Bronson alitengeneza mashine ya kuegeshwa moja kwa moja kwenye kope, na tangu hapo kazi ikawa nyepesi. Daktari humwambia mgonjwa, huku macho kayafumba, atazame juu, chini, kushoto, kulia, ili kila pembe ya jicho ipitiwe.

Majibu huja kwa namna mbili ambazo hupewa herufi A na B. Ile ya A haifanani na picha hata kidogo. Ni mstari unaopanda na kushuka kama vilele vya Mlima Kenya: kilele cha konea, vilele viwili vya lenzi (mbele na nyuma), kisha bonde refu la ute ambao ni mtulivu na haurudishi sauti, halafu kilele kirefu cha retina, Batian yenyewe. Ile ya B hugeuza kila mwangwi kuwa nukta ya mwanga. Mwangwi mkubwa hung'aa, mdogo hufifia, pasipo na mwangwi ni giza. Nukta zikipangwa, picha ya jicho lililokatwa katikati hujitokeza: duara jeusi lenye ukingo mweupe. Katika jicho zima, weusi wa katikati ndio uzima. Jambo hili lilinichukua muda kulizoea, kwa sababu sisi tumezoea kuhusisha weusi na ubaya.

Nilijifunza haya kwa sababu ya babu yangu. Babu ni mkulima wa Makueni, na kwa miaka kadhaa macho yake yalikuwa yakifunga polepole kwa mtoto wa jicho. La kulia ndilo lililotangulia. Miaka mingi nyuma, alipokuwa akikata miti ya boma, kijiti kilimchapa jicho hilo; likamuuma wiki mbili, likapoa, akalisahau. Baadaye likawa jeupe. La kushoto likafuata kwa uzee tu. Ilipofika pahali akawa anamwagia chai nje ya kikombe, familia ikachanga. Wajomba, shangazi, hata binamu zangu waliomaliza shule juzi, kila mtu alitoa. Hesabu ilikuwa ya macho yote mawili, na wote tuliafikiana kwamba jicho la kulia litangulie kwa kuwa ndilo lililoumia zaidi.

Mimi ndiye niliyemwongoza kwa mkono hospitalini, ilikuwa likizo ya Agosti. Daktari alimmulika kwa tochi kila jicho, akimuuliza mwanga unatoka upande gani. La kushoto lilijibu sawasawa: juu, chini, huku, kule. La kulia lilibahatisha. Daktari akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee, kabla hatujapanga siku ya upasuaji, nataka tukupige ultrasaundi." Babu akageuka kunitafuta kwa sauti. "Mjukuu wangu," akasema, "hawa wameona nina mimba?" Wauguzi walicheka mpaka mmoja akaketi.

Picha ya jicho la kushoto ilikuwa duara jeusi safi, ukingo wake laini kama bakuli. Ya kulia ilikuwa na kitu kingine. Toka nyuma, mahali neva ya jicho inapoingilia, palitokeza mistari miwili minene iliyoachana kama herufi V, ikining'inia katikati ya weusi. Hiyo ndiyo retina iliyobanduka. Kwa kawaida retina imelala juu ya ukuta wa jicho kama karatasi ya ukutani inavyolala juu ya ukuta wa sebule, na hupata chakula chake kutoka nyuma yake. Ikibanduka, huning'inia, huku ikibaki imeshikiliwa na neva ya jicho upande wa nyuma na mzizi wake wa mbele. Ndiyo maana hufanya umbo la V. Daktari akamwambia Babu asogeze jicho kushoto na kulia upesi. Retina iliyobanduka juzi hupepea kama pazia penye upepo. Ile ya Babu ilisogea kwa ukavu, kama ubao. Ilikuwa imebanduka zamani, huenda tangu siku ya kile kijiti, ikakunjamana na kukakamaa.

Maana yake ilikuwa hii: mtoto wa jicho la kulia angeweza kutolewa vizuri kabisa, kioo kikang'aa, na Babu asione kitu. Ni kama kusafisha dirisha la nyumba ambayo ndani haina mtu. Jicho la kushoto ndilo lenye tumaini, na ndilo pekee litakalopasuliwa.

Mjomba wangu hakulipokea neno hilo kwa wepesi. Alikuwa amekuja na pesa mfukoni na alihisi kuna ujanja. Kwa nini jicho bovu zaidi liachwe? Daktari, badala ya kukasirika, aliziweka picha mbili bega kwa bega, akamwonyesha kwa kalamu. Bakuli hili, na bakuli hili lenye V. Mjomba alizitazama kwa muda, kisha akauliza kama V inaweza kurudishwa. Daktari akasema ingaliwezekana kama ingalionekana mapema, ndani ya siku au wiki chache. Baada ya miaka, la. Kimya kiliingia. Babu ndiye aliyekivunja. Alisema jicho moja linatosha kuhesabu mbuzi. La kushoto lilipasuliwa, na leo anasoma Biblia yake kwa miwani ya kusomea. Pesa zilizobaki zilirudi kwa waliochanga, jambo ambalo ni nadra kuliko hata retina kubanduka.

Dalili za retina inayobanduka zinafaa zijulikane, kwa maana hakuna maumivu ya kukuonya: vimulimuli vya ghafla upande mmoja, vitone vyeusi vingi vinavyoelea kama inzi, kisha kivuli kama pazia linaloteremka. Mtu akiyapata haya asingoje likizo.

Mgonjwa mwingine anayetegemea sana mashine hii ni mwenye kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya retina huziba, na jicho likijitetea huotesha mishipa mipya iliyo dhaifu. Siku moja mshipa hupasuka na damu kuingia kwenye ute. Mgonjwa huona nyuzi nyeusi kama utando wa buibui, kisha giza. Daktari akimulika haoni chochote ila wekundu. Je, nyuma ya damu ile retina imelala ama inavutwa? Ikiwa imelala, mara nyingi huweza kusubiriwa wiki kadhaa damu inywee. Ikiwa inabanduka, kila wiki ni hasara. Katika picha ya B damu huonekana kama vumbi linaloelea, na retina kama uzi mnene. Utando wa damu iliyoganda nao unaweza kujifanya retina, kwa hivyo fundi hupunguza nguvu ya mashine kidogo kidogo. Utando hupotea mapema, retina huendelea kung'aa. Hapa ndipo unapojua kwamba mashine bila mtu aliyefunzwa ni sanduku tu.

Nirudi kidogo kwa mtoto wa jicho, kwani kuna kazi nyingine ya sauti ambayo watu hawaijui. Lenzi iliyochafuka ikitolewa, nyingine ya plastiki huwekwa mahali pake. Aliyeanza jambo hilo ni Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, mwaka wa 1949. Lenzi ilikaa, lakini mgonjwa wake wa kwanza alitoka na upungufu mkubwa sana wa kuona mbali, kwa kuwa nguvu ya lenzi haikulingana na jicho. Hadi leo swali ni hilo: lenzi ya nguvu gani? Lazima ujue urefu wa jicho, na kwa miaka mingi ni picha ya A iliyoupima. Mnamo 1980 Sanders, Retzlaff na Kraff walitoa kanuni ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili anaiweza: chukua namba ya aina ya lenzi, tuseme 118, toa urefu wa jicho mara 2.5, toa nguvu ya konea mara 0.9. Jicho la milimita 23.5 lenye konea ya dayopta 43.5 litahitaji 118, toa 58.75, toa 39.15, yaani dayopta 20.1. Sasa tuseme mpimaji ameikandamiza konea kwa probu, jicho likabonyea, akapata 22.5. Hesabu itatoa 22.6. Milimita moja imeharibu dayopta mbili na nusu, na mgonjwa atavaa miwani ambayo hakuihitaji. Kanuni za siku hizi ni ngumu zaidi na hufanywa na kompyuta, na tangu 1999 kuna mashine za kupima kwa mwanga bila kugusa jicho. Lakini mwanga, tulikwisha sema, haupiti ukutani. Mtoto wa jicho aliyekomaa kabisa, kama wale wa wazee wetu wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa, huurudisha mwanga, na hapo sauti huitwa tena kazini.

Ugonjwa ninaotaka usomwe kwa makini kuliko yote ni retinoblastoma, saratani ya retina ya watoto wadogo. Humpata mtoto mmoja hivi katika kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, wengi wao kabla hawajatimiza miaka mitano. Chanzo chake ni kuharibika kwa jeni iitwayo RB1. Si husuda ya jirani, wala si macho ya mtu. Dalili yake ya kwanza mara nyingi huonekana na mama kabla ya daktari: mboni inang'aa nyeupe, kama jicho la paka usiku. Katika picha iliyopigwa kwa simu yenye mwanga wa ghafla, jicho moja hutoa wekundu wa kawaida na lingine weupe. Wengine huanza kwa makengeza. Mboni nyeupe ya mtoto yaweza pia kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao au ugonjwa mwingine, nao pia hautaki kungojewa. Nani atasema ni upi?

Kwa uvimbe wa sehemu nyingine za mwili, daktari huchoma sindano na kuchukua kipande kikapimwe. Kwa jicho hili sindano ni mwiko, kwa sababu tundu lake laweza kuipa saratani njia ya kutokea nje. Kwa hivyo picha hubeba mzigo mkubwa. Uvimbe huu una tabia ya kujitengenezea chembe za chokaa ndani yake, na chokaa hurudisha sauti kwa nguvu mno. Katika picha ya B huonekana nukta zinazong'aa kama kokoto, na nyuma yake kivuli cheusi mahali ambapo sauti haikufika. Kokoto na kivuli, ndani ya jicho la mtoto wa miaka miwili: hapo daktari hulala macho. Baadaye hufuata uchunguzi wa chini ya usingizi, na mara nyingi MRI, ili ijulikane kama neva imeguswa. Hapa kwetu wagonjwa hawa hutibiwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Kikuyu, miongoni mwa nyingine. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona, kwa kuwa hufika uvimbe ukiwa bado ndani ya jicho. Wetu wengi hufika jicho limekwisha kutokeza nje. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa peke yake, ililetwa na miezi iliyopita nyumbani. Wewe uliye na mdogo wako, fungua picha zake za simu ukifika nyumbani.

Kuna na mafundi wetu wa jua kali. Nyundo inapopiga patasi, chembe ya chuma huruka kwa kasi, hupenya konea na kutulia ndani, na mara nyingine jeraha lenyewe halionekani. Eksirei au CT huonyesha chuma kiko wapi. Ultrasaundi huongeza habari za retina iliyo karibu nacho. MRI haikaribiwi, sumaku yake itakivuta chuma ndani ya jicho. Ila jicho lililopasuka wazi halifai kukandamizwa na probu, wala na kidole, wala na kitambaa. Lifunikwe na kitu kisicholigusa, hata kikombe cha karatasi, lipelekwe upesi.

Usinielewe vibaya kwamba sauti huona kila kitu. Presha ya macho, ile glakoma, haipimwi kwa ultrasaundi, ingawa zile mashine za mitikisiko milioni 50 huonyesha kama mfereji wa kutolea maji umezibika. Maradhi madogo ya katikati ya retina huonekana vizuri zaidi kwa mashine za mwanga. Na jicho lililojazwa mafuta ya silikoni baada ya upasuaji huidanganya mashine kabisa: sauti hupita humo kwa kama mita 980 tu kwa sekunde, mwangwi huchelewa, na jicho huonekana refu kama yai la mbuni.

Je, ina madhara? Haina mionzi kama eksirei. Lakini sauti yenye nguvu hupasha joto, na lenzi haina damu ya kuipoza. Kwa hiyo wasimamizi wa vifaa vya tiba wa Marekani wameweka kikomo cha miliwati 50 kwa sentimita mraba kwa jicho, huku sehemu nyingine za mwili zikiruhusiwa hadi 720. Maana yake, anayetumia mashine ya tumbo kwa jicho lazima kwanza aigeuze iwe kwenye mpango wa macho. Siku hizi ambapo kuna probu za kuchomeka kwenye simu, neno hili ni zito.

La mwisho ni la ajabu kidogo. Nyuma ya jicho, neva imevikwa ala inayoungana na majimaji yanayouzunguka ubongo. Presha ya kichwa ikipanda, ala huvimba. Daktari huipima upana wake milimita 3 nyuma ya jicho. Kwa mtu mzima ikizidi milimita 5, huanza kushuku kwamba ubongo umebanwa. Aliyeanguka na bodaboda na kupoteza fahamu aweza kupimwa hivi kitandani, bila kusubiri CT. Na njia hii imefika mbali. Mnamo 2011 madaktari walieleza habari za wanaanga saba waliokaa miezi sita hivi angani, ambamo majimaji ya mwili hupanda kichwani kwa kukosa uzito: baadhi yao macho yalikuwa yamebonyea kwa nyuma na neva zimevimba. Tangu hapo hawangojewi warudi duniani. Katika kituo cha anga, kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu, mwanaanga humwegeshea mwenzake probu juu ya kope, na mtaalamu aliye Houston, akitazama picha hiyohiyo, humwambia kwa redio aisogeze kidogo kushoto.